Kabla ya Kununua Printa ya Chuma, Tafuta Propela Iliyovunjika

Ukitaja printa hapa chuoni, akili ya kila mtu inakimbilia steshenari ya nje ya geti: foleni ndefu, flashi imejaa virusi, na asaimenti inatakiwa kabla ya saa sita usiku. Printa ninayoizungumzia leo haitoi karatasi. Inatoa chuma, tabaka juu ya tabaka, mpaka kinatokea kipuri kamili cha gari, cha ndege au cha boti. Teknolojia hii ipo duniani kwa miongo kadhaa sasa. Swali langu ni moja tu: mwanafunzi aliyeko Mtwara anaweza kuijifunza vipi wakati mashine yenyewe hajawahi kuiona?

Najua mtu atauliza, wewe ni mwanafunzi wa ualimu, chuma kinakuhusu nini? Kinanihusu sana. Mtaala mpya uliotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, umeleta mkondo wa amali kwenye sekondari, na shule za mwanzo zilianza nao mwaka 2024. Vijana wa mkondo huo watakaa mbele yetu sisi tunaohitimu sasa hivi. Mimi nasoma Fizikia na Hisabati. Nikipangiwa shule yenye mkondo wa amali, mtoto wa Msimbati au wa Newala ana haki ya kuniuliza vitu vinatengenezwaje karne hii, na sitaki kumjibu kwa mchoro wa chaki na kumwambia anakili.

Nimesoma kuhusu jambo hili kwa muda, nimekaa na mafundi, na nimefikia msimamo ambao nauleta kwenu muupime. Msimamo wenyewe ni kwamba kujifunza uchapaji wa chuma hakuanzi na kununua mashine. Kunaanza na kifaa kimoja kinachosumbua watu halisi, kikawekwa mezani mbele ya wanafunzi wa fani tofauti. Mashine ya kuanzia tunayo tayari: ni ile ya kuchomelea.

Kuchonga, kusubu na kujenga kichuguu

Kwanza tuelewane kuhusu lugha. Wana kemia watanisamehe, maana mtaani kila metali inaitwa chuma, na mimi nitafanya hivyo hivyo isipokuwa pale ambapo tofauti ina maana.

Zipo njia tatu kubwa za kukipa kitu umbo. Ya kwanza Mmakonde haitaji kufundishwa. Mchongaji anachukua gogo la mpingo na kuondoa kila kisichotakiwa mpaka sanamu ibaki. Fundi wa mashine ya kukereza anafanya hivyo hivyo kwa chuma, na machicha yanabaki sakafuni. Njia ya pili ni kusubu: unatengeneza kalibu, unayeyusha chuma, unamimina, unasubiri kipoe. Sufuria nzito za alumini tunazopikia pilau la shughuli zimetengenezwa hivyo.

Njia ya tatu ni ya mchwa. Kichuguu hakichongwi wala hakimiminwi. Mchwa anabeba punje moja ya udongo, anaiweka juu ya nyenzake, anarudi kuchukua nyingine. Ndani ya kichuguu kuna vyumba na njia za hewa ambazo mchongaji asingeweza kuzifikia na patasi yake kutoka nje. Uchapaji wa chuma ni njia hiyo ya mchwa. Kompyuta inachukua mchoro wa kifaa, inaukata kuwa tabaka nyembamba, na mashine inajenga tabaka moja baada ya jingine.

Sasa, punje yenyewe inaweza kuwa ya aina mbili, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama sisi wa Mtwara tumo au hatumo.

Aina ya kwanza hutumia unga wa chuma. Mashine inatandaza unga laini kuliko unga wa muhogo uliochekechwa, kwa unene wa kama sehemu ya ishirini ya milimita. Leza inapita juu na kuyeyusha sehemu zinazotakiwa tu. Jukwaa linashuka kidogo, unga mpya unatandazwa, leza inapita tena. Kwa unene huo, kifaa chenye kimo cha sentimita moja kinahitaji tabaka 200. Yote yanafanyika ndani ya sanduku lililojazwa gesi ya agoni au nitrojeni, kwa sababu chuma cha moto kikikutana na oksijeni kinaharibika, na unga wa baadhi ya metali ukitimka hewani unaweza kulipuka. Mashine za aina hii mara nyingi huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Ndani ya SADC wapo wanaozitumia vizuri: Central University of Technology ya Bloemfontein, Afrika Kusini, ina kituo cha kazi hizi tangu 1997, na wameshatengeneza taya za titani kwa ajili ya wagonjwa waliopoteza mifupa ya uso. Kwetu sisi, tusidanganyane, bumu la darasa zima halinunui hata pipa la ule unga.

Aina ya pili hutumia waya. Umeme unaruka kati ya ncha ya waya na bamba la chuma, waya unayeyuka, mstari wa chuma unalala. Juu ya mstari huo unalazwa mwingine. Kama umewahi kupita kwenye karakana ya mageti ukaambiwa usiangalie mwanga, basi umeshaiona kazi hii. Tofauti ni kwamba fundi wa mageti anaunganisha vipande viwili, na huku tunajenga kitu kizima kwa kurundika mistari ya kuchomelea. Mkono unaoshika mdomo wa mashine unaweza kuwa wa roboti, wa mtambo mdogo unaoongozwa na kompyuta, au wa binadamu aliyetulia.

Wanafunzi waliokwisha kufanya

Mifano mitatu inatosha kuonyesha kwamba njia hii ya waya imebebwa na wanafunzi kwa kiasi kikubwa.

Mwaka 2013 kikundi cha watafiti wa Michigan Technological University, Marekani, kilichapisha maelezo kamili ya printa ya chuma iliyounganishwa kutokana na mashine ya kawaida ya kuchomelea ya MIG na mtambo mdogo wa kuiongoza, kwa gharama isiyofika dola 2,000. Michoro, orodha ya vifaa na namna ya kuunda viliwekwa wazi ili mtu yeyote aige. Printa hiyo haikuwa na usahihi wa zile za leza, na wenyewe walisema wazi kwamba kazi bado ni kubwa. Ila ilionyesha kwamba mlango huu haufunguliwi na matajiri peke yao.

Mwaka 2016 wanafunzi watano wa TU Delft, Uholanzi, walitengeneza baiskeli ambayo fremu yake ilichapwa kwa chuma kisichoshika kutu, kwa roboti ya kuchomelea ya kampuni ya MX3D. Walikuwa na muda wa miezi mitatu tu. Fikiria walichochagua: baiskeli, kitu ambacho kila mtu anajua kikivunjika kinavunjikia wapi, na ambacho huwezi kumdanganya nacho mtu kwa maneno. Ama kinapandika au hakipandiki.

Mfano wa tatu ndio ulionivuta zaidi mimi mtu wa pwani. Mwaka 2017, kwenye bandari ya Rotterdam, maabara ya RAMLAB na wenzake walichapa propela ya meli. Wanafunzi watatu wa Delft walikuwa wanachunguza uwezekano wa teknolojia hii kwa niaba ya kampuni ya kuunda meli ya Damen, na ndio waliowakutanisha Damen na washirika wengine. Propela hiyo ilikuwa na kipenyo cha milimita 1,350, uzito wa kilo 400 hivi, na ilijengwa kwa tabaka 298 za aloi ya nikeli, alumini na shaba. Ile ya kwanza haikupelekwa baharini. Ilikuwa ya kujifunzia. Walichapa ya pili, wakaifunga kwenye boti ya kuvuta meli, wakaijaribu kwa nguvu zote pamoja na kusimamisha boti ghafla, na shirika la ukaguzi wa meli la Bureau Veritas likaithibitisha.

Na Afrika Mashariki? Tuna mwanzo mzuri, ingawa ni wa plastiki. Kule Buni Hub, Dar es Salaam, chini ya COSTECH, vijana waliunda printa ya plastiki kwa kutumia sehemu za mashine za ofisi zilizotupwa. Nairobi, AB3D wamefanya kazi ya namna hiyo hiyo. Printa ya plastiki inafundisha nusu ya somo: kuchora, kukata mchoro kuwa tabaka na kuiongoza mashine. Nusu ya pili, ile ya chuma chenyewe, inataka moto.

Kwa nini propela, kwa nini huku

Kamusi inaiita rafadha. Ukienda Msanga Mkuu au Msimbati ukauliza rafadha utaangaliwa tu. Sema propela.

Pwani yetu kuanzia Mikindani mpaka mlango wa Ruvuma ni ngumu kwa propela. Mto unaleta mchanga, na mchanga hautulii. Pale palipokuwa na kina msimu uliopita, msimu huu ni fungu. Kuna matumbawe, kuna mizizi ya mikoko, kuna nyavu kuukuu zinazoelea. Eneo kubwa la huku ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650. Kwa hiyo propela ikigonga, inayoumia si propela peke yake. Kuna tumbawe limevunjika pia.

Boti ndogo nyingi hutumia propela za alumini. Panga moja likimeguka, injini inatetemeka, na mvuvi ana mambo mawili ya kuchagua: anunue nyingine, au ampelekee fundi aijazie. Kujazia panga lililomeguka, mstari baada ya mstari, halafu kulisaga mpaka lifanane na wenzake, ndiyo kazi ile ile ya Rotterdam kwa mkono. Fundi wetu anaijenga sehemu iliyopotea kwa kuongeza tabaka. Hajaiita jina la kisayansi, na hana mchoro wa kompyuta, lakini sehemu ngumu zaidi ya somo anaijua kwa macho na kwa sikio.

Sehemu hiyo ngumu ndiyo hii inayofuata.

Chuma kinapopoa

Mwaka jana mimi na wenzangu sita wa kozi tofauti tulimwomba fundi mmoja atufundishe jambo dogo sana: kujenga ukuta. Si wa matofali. Ukuta wa mistari ya kuchomelea, mmoja juu ya mwingine, kwenye bamba jembamba la chuma, urefu wa kiganja. Alitutazama akacheka. "Walimu, bamba hili litawakimbia," akasema. Tulipoendelea kupanda, bamba lilianza kunyanyuka kingo zote mbili kama ukoko wa ugali unaobanduka kwenye sufuria.

Hapo ndipo fizikia ya kidato cha tatu ilipata kazi. Chuma cha urefu wa mita moja kikipoa kwa nyuzi 100 za Selsiasi, kinapungua urefu kwa takriban milimita 1.2. Mstari mpya unalazwa ukiwa umeyeyuka, kwenye joto la nyuzi 1,500 hivi. Ukiganda unataka kusinyaa, lakini chuma cha chini kilichokwisha kupoa hakikubali. Mvutano unabaki ndani. Bamba likiwa jembamba, linakunjwa. Likiwa nene, halikunjwi, lakini mvutano haujaondoka, umejificha, na siku kifaa kinapobeba mzigo unaweza kutokea kama ufa.

Fundi alituonyesha dawa zake: funga bamba kwenye kitu kizito, anza mstari mmoja kushoto na unaofuata kulia, subiri kati ya mstari na mstari. Baadaye nilisoma kwamba wenye roboti hufanya mambo hayo hayo, isipokuwa wao wana kipimajoto na yeye anaangalia rangi ya chuma.

Kisha tukaukata ukuta katikati kwa msumeno. Ndani mlikuwa na vitundu vidogo kama vya andazi. Mwenzetu wa Kemia ndiye aliyetueleza: hewa na unyevu vinaingia kwenye kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka, gesi inanaswa wakati chuma kinaganda. Ndiyo sababu ya agoni. Ndiyo sababu pia mtu wa pwani, mwenye hewa ya chumvi na unyevu mwaka mzima, anatakiwa kutunza waya wake mahali pakavu kuliko mtu wa Dodoma.

Alumini ina kisa chake. Inayeyuka kwenye nyuzi 660 tu, lakini ina ngozi nyembamba ya oksaidi inayoyeyuka kwenye zaidi ya nyuzi 2,000. Ukiichomelea kwa pupa, ndani kumekwisha kuwa uji na ngozi ya juu bado imekaza, kisha ghafla yote inadondoka chini. Fundi anayeweza kujazia propela ya alumini anapigana na tofauti hiyo kila siku. Mimi nilikuwa nimeshaikariri kwenye jedwali. Sikuwa nimeiona.

Nani afanye nini

Nikitaja mradi wa kuchapa chuma, wengi wanadhani ni wa watu wa uhandisi. Ichukue propela moja iliyovunjika uizungushe mezani, utaona haiwezekani kuimaliza kwa fani moja.

Mtu wa Hisabati anahitajika kwa sababu panga la propela si bapa. Limepinda kama skrubu, na propela hupimwa kwa kipenyo na kwa hatua, yaani umbali ambao ingesonga mbele ikizunguka mara moja ndani ya kitu kigumu. Panga likimeguka, umbo lililopotea inabidi ulipate kwa kupima mapanga yaliyobaki na kulizungusha: mapanga matatu, nyuzi 120 kila moja. Mtu wa Fizikia anashughulika na joto na mtetemo. Mtu wa Kemia anaangalia maji ya chumvi yatafanya nini pale metali mbili tofauti zinapogusana, maana hapo kutu huwa na haraka. Wa Jiografia anajua mchanga wa Ruvuma unahama vipi, na huenda akatuambia kwamba propela nyingi zinavunjika sehemu chache tu, ambapo boya moja lingesaidia kuliko printa kumi.

Wa Biashara atauliza swali ambalo wengine tunaliogopa: je, kujazia kuna nafuu kuliko kununua mpya ukihesabu waya, gesi, umeme na siku ambazo mvuvi hakwenda baharini? Wa Sheria atauliza nani anawajibika panga likichomoka katikati ya bahari. Wa Kiswahili ana kazi kubwa kuliko anavyodhani. Sisi tulikaa karibu saa nzima tukibishana namna ya kukiita kile kidimbwi cha chuma, na tulipopata jina ambalo fundi naye alilikubali, mazungumzo yakaenda mbio.

Na mwanafunzi wa ualimu? Wengi hutupa kazi ya kuandika ripoti, kwa sababu eti tuna mwandiko mzuri. Kazi yetu halisi ni kuhakikisha anachojua mmoja kinawafikia wote. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake, kule Austin, Texas, walibuni njia rahisi: kila mmoja anapewa kipande cha somo ambacho wengine hawana, kisha analazimika kuwafundisha. Picha haikamiliki mpaka kila kipande kimesemwa. Sisi tuliongeza sharti moja: siku ya kuwasilisha, huruhusiwi kueleza sehemu yako. Unaeleza ya mwenzako. Wa Biashara alisimama kueleza vitundu vya gesi, mimi nikaeleza gharama. Hakuna aliyeweza kujificha.

Ugonjwa wa makundi yetu

Hapa niseme ukweli ambao wote tunaujua. Kundi la asaimenti lina watu wanane, anayefanya ni mmoja, saba wanachanga hela ya kuprinti na kuandika majina. Mradi wa fani nyingi unaweza kufa kwa ugonjwa huo huo. Ukiwa wa chuma unakufa vibaya zaidi, kwa sababu wale wawili wanaojua kuchomelea watafanya kila kitu, na wengine watapiga picha wakiwa wamevaa kofia za kujikinga.

Upo ugonjwa mwingine wa zamani zaidi. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Wazo lilikuwa kwamba kazi ya mikono na masomo viwe kitu kimoja: shamba la shule liwe mahali pa kupanga, kupima, kukosea na kujadili. Katika shule nyingi kilichobaki ni jembe. Wanafunzi walilima, mahindi yakavunwa, na somo la Biolojia likaendelea darasani kana kwamba shamba halipo. Wazazi wetu wengi wanaikumbuka kazi ile kama adhabu. Mkondo wa amali unaweza kwenda njia hiyo hiyo kama sisi walimu wapya hatutajua kuunganisha karakana na daftari. Mtoto atachomelea mageti mwaka mzima, na hatajua kwamba lile bamba lililokunjwa ni swali la Fizikia.

Ndiyo maana nasisitiza kitu kilichovunjika kuliko maonyesho. Mradi wa maonyesho unatakiwa ung'ae siku ya mgeni rasmi. Kitu kilichovunjika kina mwenyewe, na mwenyewe atauliza kesho yake kama kimepona.

Tunaanzaje

Natoa pendekezo kwa vilabu vya taaluma na kwa serikali yetu ya wanafunzi. Halihitaji bajeti ya kutisha.

Kwanza, wapatikane wanafunzi kati ya sita na wanane, wasizidi wawili wa kozi moja. Vyuo viko karibu, na kituo cha VETA na ofisi ya SIDO vipo hapa hapa mkoani. Mwanafunzi wa VETA awe mwanakikundi kamili mwenye sauti sawa na wa digrii, asiwe wa kuitwa siku ya kuchoma tu. Fundi wa mtaani alipwe muda wake, hata kama ni kidogo, na jina lake liandikwe kwenye ripoti kama mwalimu, kwa ridhaa yake.

Pili, mwezi wa kwanza usiwe na printa wala propela. Uwe wa ukuta. Kila kikundi kijenge kuta tatu za mistari kumi kumi: moja bila kusubiri kati ya mistari, moja kwa kusubiri, moja kwa bamba lililofungwa. Pima kimo, pima mkunjo, kata, hesabu vitundu, andika. Rula, msumeno na simu yenye kamera vinatosha. Mtu akimaliza hapo anajua kuhusu uchapaji wa chuma mambo ambayo video mia moja za intaneti hazimpi.

Tatu, usalama uje kabla ya moto. Kioo cha kujikinga macho kwa kila anayetazama, glovu za ngozi, nguo za pamba, mahali penye hewa. Kamwe msichomelee bati lenye rangi ya zinki bila kuliondoa, moshi wake unaleta homa. Nimeona wanafunzi wakiangalia mwanga kupitia vidole. Macho hayarudishwi na sapu.

Nne, kompyuta iingie mwezi wa pili. Zipo programu za bure za kuchora na za kukata mchoro kuwa tabaka. Chora panga lililobaki, lizungushe, linganisha na lililovunjika, na muone ni kiasi gani cha metali kinahitajika kabla ya kuwasha chochote.

Tano, na hili naliomba kwa herufi kubwa: KISIENDE BAHARINI. Propela ambayo panga moja limezidi uzito inatetemesha injini, na injini ikizima kwenye mlango wa Ruvuma wakati maji yanatoka, waliomo kwenye boti ni baba na kaka wa watu. Wale wa Rotterdam, pamoja na roboti na wakaguzi wao, ile ya kwanza waliiacha nchi kavu. Na sisi yetu ibaki mezani, ikatwe, ivunjwe, ichorwe. Fundi mwenye uzoefu aendelee kuwahudumia wavuvi kwa njia anayoiamini, na sisi tumpelekee kile tunachoweza kuongeza: vipimo, mchoro wa panga, na jibu la kwa nini baadhi ya kazi zake hudumu na nyingine hurudi.

Faida ya kwanza ya mradi huu haitakuwa kipuri. Itakuwa darasa. Mwakani, Mungu akipenda, baadhi yetu tutasimama mbele ya kidato cha tatu na mada ya kutanuka kwa vitu kwa joto. Ningependa niingie na ule ukuta wetu uliokunjika mkononi, niuweke mezani, nimwulize mtoto wa mvuvi: unadhani huu umepinda kwa nini? Nina hakika yupo atakayejibu kabla ya kufungua kitabu, kwa sababu amewahi kumshikia fundi taa.

Wenye nia tuonane. Mimi nina bamba na msumeno. Tunahitaji mtu wa Jiografia, mtu wa Biashara, na mwenye ndugu wa kutuazima propela iliyomeguka.